MAJI, TOHARA NA KIPINDUPINDU
Hotuba iliyosomwa mbele ya Jumuiya katika siku ya ukumbusho

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeyajaalia maji kuwa uhai kwa kila kilicho hai na tohara kwa kila mwenye kusali. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. 

Siku ya ukumbusho, kwa desturi, ni siku ya kutaja yaliyotendwa: misikiti iliyojengwa, madrasa zilizofunguliwa, na wazee waliotangulia mbele ya haki. Hayo yastahili kutajwa. Lakini Jumuiya iliyo hai hupimwa pia kwa jambo jingine, nalo ni hili: je, watu wake wanakufa kwa maradhi ambayo dawa yake ipo? Kwa Waislamu wakaao kando ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Kivu, kuanzia Buyenzi na Rumonge mpaka Uvira, Ujiji na Goma, jibu la swali hilo bado ni ndiyo. Maradhi yenyewe ni kipindupindu. Ndiyo maana siku hii yamechaguliwa kuwa maudhui ya maneno haya.

MARADHI YENYEWE

Kipindupindu huletwa na kijidudu kisichoonekana kwa jicho, kiwezacho kuishi majini. Humwingia mtu kwa kinywa, kwa maji au chakula kilichochanganyika na choo cha mtu mwenye kijidudu hicho. Hakiletwi na upepo, wala uchawi, wala jicho la hasidi. Baada ya saa 12 mpaka siku 5 mgonjwa huanza kuharisha maji meupe mfano wa maji yaliyooshewa mchele, na kutapika. Aliyeshikwa kwa nguvu aweza kupoteza hata lita nzima ya maji kwa saa moja. Macho hudidimia, ngozi ikivutwa hairudi upesi, misuli hukazana kwa maumivu, sauti hufifia, na mkojo hukatika. Mtu aliye mzima alfajiri aweza kuwa maiti kabla ya magharibi.

Asiyetibiwa, ikiwa maradhi yamemshika kwa nguvu, yu katika hatari kubwa: yaweza kufa nusu ya watu wa namna hiyo. Aliyetibiwa mapema na sawasawa, hafi ila mmoja katika mia, au chini ya hapo. Tofauti baina ya nusu na mmoja katika mia si ya dawa ya thamani. Ni tofauti ya maji safi, chumvi na sukari, na haraka ya kumnywesha mgonjwa.

Jambo la pili lipasalo kujulikana ni kwamba wengi waingiwao na kijidudu hiki hawaugui kabisa, lakini hukitoa katika choo chao kwa siku 1 mpaka 10. Kwa hiyo mtu mzima wa afya aweza kukichukua kutoka mji mmoja mpaka mji mwingine bila mwenyewe kujua. Kwa sababu hiyo ni dhulma kumnyoshea kidole jirani. Upande mmoja wa ziwa husema maradhi yametoka ng'ambo, na ng'ambo husema vivyo hivyo. Huku maji yanayonywewa pande zote mbili ni ya ziwa moja.

NJIA YA MISAFARA NA NJIA YA HIJA

Kipindupindu kilikuwa katika nchi ya Bengal tangu zamani. Mwaka 1817 kikatoka huko kwa nguvu na kuanza kuzunguka dunia kwa merikebu na kwa misafara. Pwani ya Waswahili haikusalimika. Daktari mmoja Mskoti, James Christie, aliyekuwa tabibu huko Unguja, aliandika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1876 juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki. Humo ameeleza namna maradhi yalivyofika Unguja mwaka 1869 na kuua maelfu ya watu, baada ya kuteremka kwa njia za misafara kutoka bara mpaka pwani ya Pangani. Kisha misafara hiyo hiyo iliyochukua nguo na shanga ikayachukua maradhi kurudi bara, mpaka Ujiji na Manyema. Njia iliyoleta biashara, na lugha ya Kiswahili, na mwanga wa Uislamu katika nchi za Maziwa, ndiyo njia iliyoleta kipindupindu. Njia haina dhambi. Wapitao njiani ndio wapasao kujihadhari.

Mwaka 1865 jambo kubwa zaidi lilitokea. Maradhi yalizuka Makka wakati wa Hija, na inakadiriwa kuwa mahujaji wapatao 15,000 walikufa. Waliosalia walipanda meli za moshi kurudi makwao, na maradhi yakafuatana nao mpaka Suez, kisha Alexandria, kisha bandari za Ulaya, yote katika mwaka ule ule mmoja. Hapo mataifa yalishtuka. Mwaka 1866 wajumbe wa dola nyingi walikutana Istanbul, mji mkuu wa Khalifa wa Kituruki, kutafuta njia ya kuyazuia. Palitangulia mkutano wa namna hiyo mjini Paris mwaka 1851, lakini haukuzaa matunda. Huu wa Istanbul ulikubali kwamba maradhi huchukuliwa na watu wasafirio, na kwamba maji ni katika njia zake.

Baada ya hapo vikajengwa vituo vya karantini. Kimoja kilikuwa katika kisiwa cha Kamaran, Bahari ya Sham, kilichofunguliwa mwaka 1882 kwa mahujaji watokao kusini. Kingine kilikuwa El Tor, katika nchi ya Sinai, kwa mahujaji wanaorudi kaskazini. Mahujaji wengi waliona dhiki katika vituo hivyo, wakalipishwa ada na kuwekwa juani siku nyingi, na malalamiko yao hayakuwa ya bure. Lakini humo humo ilipatikana elimu. Mwaka 1905 tabibu Gotschlich alikipata katika maiti za mahujaji huko El Tor kijidudu cha kipindupindu cha namna yake, na mpaka leo namna hiyo huitwa kwa jina la kituo kile, El Tor. Ndicho kijidudu kilichokuja kufika katika maziwa ya Afrika.

Basi mambo ya afya ya ulimwengu yalivyo leo, na mashirika yake, yana asili moja katika njia ya Makka. Mwislamu asiyaone kuwa ni mambo ya wageni yasiyomhusu.

KADARI NA SABABU

Wako wasemao: ajali ikifika haizuiliki, basi kuchemsha maji kuna faida gani? Maneno haya yana sura ya imani, lakini si mafundisho ya Uislamu. Dalili yake ipo katika habari mashuhuri ya Seyyidna Umar bin Khattab (R.A.).

Umar alisafiri kwenda Sham na jeshi lake. Alipofika mahali paitwapo Sargh, majemadari walimwendea na kumweleza kwamba tauni imeingia Sham. Aliwataka shauri Muhajirina, wakahitilafiana. Akawataka shauri Ansari, nao wakahitilafiana vile vile. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi waliohajiri wakati wa kufunguliwa Makka, nao wakasema kwa kauli moja kwamba arudi na watu wake. Akaamuru kurudi. Abu Ubaida, mtu mwaminifu wa umma huu, akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari yake nyingine. Akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeteremka bondeni penye pande mbili, upande mmoja wenye majani na mwingine mkavu, ya kuwa popote atakapolisha huwa amelisha kwa kadari ya Mola wake. Halafu akaja Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo katika shauri lile, akawaeleza aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.): kwamba tauni ikisikiwa katika nchi, aliye nje asiingie, na aliye ndani asitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mungu, akarudi.

Habari hii ina mafunzo matatu. La kwanza, kushika sababu hakuvunji tawakkul. Kwa hakika ni sehemu yake. La pili, kiongozi asiamue peke yake katika jambo la maradhi, bali atake shauri, na akipata elimu iliyo sahihi aifuate. La tatu, hukumu ile ina pande mbili: mmoja humhifadhi aliye mzima asiingie, na wa pili humkataza aliye ndani asiyatawanye maradhi kwa watu wengine. Huu wa pili ndio uliosahauliwa. Mtu aharishaye ambaye hupanda mtumbwi au basi usiku kwenda kwa jamaa zake ng'ambo, kwa hofu ya aibu au ya hospitali, amewachukulia jamaa zake msiba.

Tena Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba afaye kwa maradhi ya tumbo huhesabiwa katika mashahidi. Hiyo ni faraja kwa waliofiwa. Si ruhusa kwa walio hai kuzembea, kama ambavyo ushahidi wa aliyezama majini si ruhusa ya kupakia watu kupita kiasi chomboni.

KANDO YA MAZIWA

Mwenendo wa kipindupindu uliopo sasa ni wa saba tangu ule wa 1817. Ulianza katika visiwa vya Indonesia mwaka 1961, ukaingia Afrika mwaka 1970, na kabla ya miaka ya 1970 kwisha ulikuwa umefika katika Maziwa Makuu. Tangu hapo haukuondoka. Katika nchi nyingine maradhi haya huja kama mgeni na kwenda zake. Katika pwani za Tanganyika na Kivu yamekuwa kama mwenyeji. Serikali ya Burundi ilitangaza mlipuko mwingine katika siku ya kwanza ya mwaka 2023, nao ulianzia Bujumbura.

Sababu zake hazifichiki. Watu huteka maji ya kunywa ziwani au mtoni, pale pale wanapofua, wanapooga, na ambapo mvua huteremsha uchafu wa vyoo vya milimani. Wavuvi na wachuuzi huvuka kila siku kutoka soko hadi soko. Vita na machafuko huwakusanya watu makambini kabla ya kuchimbwa choo hata kimoja. Na mabomba yaliyopo mara nyingi hayatoi maji. Uchunguzi uliofanywa Uvira juu ya miaka ya 2009 mpaka 2014 ulionyesha kwamba siku maji ya bomba yakikatika, wagonjwa waingiao katika kituo cha kipindupindu huongezeka katika siku zifuatazo. Watu walirudi ziwani kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda. Basi asilaumiwe maskini kwa uchafu ambao si wa hiari yake; aulizwe mwenye madaraka, bomba limekauka kwa nini.

GOMA, MWAKA 1994

Msiba mkubwa kabisa wa kipindupindu katika nchi hizi ulitokea Goma. Katika siku chache za katikati ya Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda baina ya 500,000 na 800,000 waliingia mji huo na viunga vyake. Ardhi ya huko ni mawe ya volkeno; jembe haliingii, hata kuchimba choo au kaburi ni tabu. Maji yaliyokuwa karibu yalikuwa ya Ziwa Kivu. Julai haijesha maradhi yalikuwa yamekwisha kuenea, na baada yake kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000. Maiti zililazwa kando ya barabara, zimefungwa mikeka.

Mashirika yalifika kutoka pande zote za dunia, pamoja na madaktari na dawa. Lakini wengi wa waliofika hawakuwahi kukiona kipindupindu kwa macho yao. Wataalamu waliotoka Dhaka, Bangladesh, walipokwenda Goma kuangalia, waliona kwamba wagonjwa wengine walikuwa wakifa hata ndani ya vituo vya matibabu. Maji ya mishipani yalikuwa yakitiwa polepole mno, na maji ya chumvi na sukari ya kunywa hayakutolewa kwa wingi upasao. Walipowaonyesha wahudumu namna ya kumrudishia mgonjwa maji yake kwa haraka, vifo vilipungua sana katika kituo walichofanyia kazi. Funzo lake ni kwamba mali na huruma bila ya ujuzi hazitoshi, na kwamba ujuzi wakati mwingine hutoka katika nchi maskini.

DAWA ILIYOFIKA KATIKA NYUMBA ZA BANGLADESH

Ujuzi huo una historia yake. Mwaka 1960 ilianzishwa maabara ya kipindupindu mjini Dhaka. Humo, mwaka 1968, madaktari Nalin na Cash na wenzao walithibitisha kwamba mgonjwa anywapo maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, tumbo lake huyapokea hata kama bado anaharisha. Kwa maana sukari huipitisha chumvi, na chumvi huyavuta maji. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa kambi ya Bangaon upande wa India, na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru maji hayo yachanganywe katika mapipa, na jamaa za wagonjwa ndio wawanyweshe. Vifo, ambavyo vilikuwa kama 30 katika mia, vikashuka mpaka chini ya 4 katika mia.

Likabaki swali: mama wa shamba asiyejua kusoma atafundishwaje? Shirika la BRAC, lililoanzishwa Bangladesh mwaka 1972 na Fazle Hasan Abed, lilipeleka wanawake kutoka nyumba hadi nyumba. Hawakumpa mama vijiko wala mizani. Walimfundisha mfinyo wa chumvi kwa vidole vitatu, na konzi ya sukari guru, katika nusu lita ya maji. Na mwalimu hakulipwa kwa wingi wa nyumba alizoingia. Alilipwa kwa kadiri mama walivyoyakumbuka mafunzo walipoulizwa baadaye. Ilipoonekana kwamba akina mama wanajua lakini hawatumii, wakawaendea wanaume pia, masokoni na misikitini, kuwaeleza. Kuanzia 1980 mpaka 1990 waliingia nyumba zaidi ya milioni 12. Nchi ile ni ya Waislamu kwa wingi wake, tena ilikuwa maskini kuliko nyingi. Basi hapana udhuru wa umaskini wala wa dini.

Kipimo cha nyumbani, kwa asiyepata kipakiti cha dawa, ni hiki: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyorundikwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi isizidi, maana ikizidi hudhuru. Mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo, bila kukoma, hata kama anatapika. Akitapika, ingojwe dakika kumi kisha aanzwe tena. Mtoto anyonyaye asiachishwe ziwa. Huku ananyweshwa, apelekwe kituoni. Maji haya humshikilia njiani; hayaondoi haja ya tabibu.

MASHIRIKA NA KAZI ZAO

Yafaa wanajumuiya wajue nani hufanya nini, ili siku ya shida wajue mlango wa kubisha. Shirika la Afya Duniani, ambalo sheria yake ya msingi ilianza kufanya kazi tarehe 7 Aprili 1948, hutoa miongozo, hukusanya habari za milipuko, na huzisaidia wizara za afya. Halimtibu mtu mmoja mmoja. Shirika la Watoto la Umoja wa Mataifa hushughulika sana na maji, vyoo na watoto. Madaktari Wasio na Mipaka, walioanza mwaka 1971, hufungua vituo vya matibabu penye mlipuko. Vyama vya Msalaba Mwekundu, na ndugu zao wa Hilali Nyekundu katika nchi nyingi za Kiislamu, vina watu wa kujitolea mitaani, wenyeji wa hapo hapo, wanaojua lugha na njia za vichochoroni. Juu ya yote ni wizara ya afya ya nchi, ambayo ndiyo yenye amri na dhamana.

Mwaka 2017 mashirika haya na serikali mbalimbali yaliafikiana mpango wa kupunguza vifo vya kipindupindu kwa 90 katika mia kufikia mwaka 2030. Ipo chanjo ya kunywa, na akiba yake ya ulimwengu iliwekwa tangu 2013. Lakini milipuko ilizidi, chanjo ikapungua, na Oktoba 2022 ikaamuliwa watu wapewe dozi moja badala ya mbili ili iwatoshe wengi. Chanjo ni ngao ya muda. Haijengi choo wala haileti bomba.

WAJIBU WA JUMUIYA

Kwa kuwa dini ya Kiislamu imesimama juu ya tohara, yadhaniwa na wengine kwamba Mwislamu yu salama kwa wudhu wake. Hapa pana jambo la fikhi lipasalo kufafanuliwa. Maji ya ziwa ni mengi, hayanajisiki kwa kuingiwa na uchafu isipokuwa yabadilike rangi, au tamu, au harufu. Kwa hiyo yafaa kwa wudhu na josho. Lakini kufaa kwa wudhu si kufaa kwa kunywa. Hukumu ya tohara humwangalia Mola katika ibada; usalama wa tumbo ni elimu nyingine, na sheria yenyewe imekataza mtu kujitia katika maangamizo. Maji yaweza kuwa tohara na yakaua. Na kwa kuwa katika wudhu mtu husukutua, birika la msikiti wakati wa mlipuko litiwe maji yaliyotibiwa.

Huulizwa pia kama maji yaliyotiwa klorini yafaa kwa wudhu. Dawa hiyo kwa kipimo kidogo haiyaondolei maji jina lake. Yabaki kuitwa maji, basi yafaa. Asiyaache mtu kwa wasiwasi wa harufu.

Katika Ramadhani, mgonjwa wa kipindupindu ana ruhusa ya kufungua, na akiogopewa kufa yampasa kufungua; atalipa siku nyingine. Kumwacha aharishe mpaka magharibi bila kunywa si ucha Mungu. Na chanjo, kwa kuwa hunywewa, inywewe usiku.

Katika maiti, kuosha ni faradhi ya kifaya, lakini choo na matapishi ya aliyekufa kwa kipindupindu yana maradhi. Waoshe watu wachache waliofundishwa, wavae mipira ya mikono, watumie maji yenye dawa kwa maelekezo ya watu wa afya, na maji ya josho yasielekezwe kisimani wala ziwani. Ikishindikana kabisa kuosha kwa hofu ya kweli, maulamaa wameruhusu tayamamu. Aliyeosha asipike wala asipakue chakula cha matanga. Na wakati wa mlipuko, chakula kikubwa cha matanga, harusi na maulidi kiahirishwe. Dua husomwa bila pilau.

Choo kichimbwe mbali na kisima. Mtume (S.A.W.) ameonya vikali juu ya kujisaidia penye maji watekayo watu, na njiani, na vivulini, na ameamrisha vyombo vifunikwe. Mambo haya husomwa na watoto katika vyuo kila siku, lakini huonekana kama adabu ndogo. Kipindupindu kimeonyesha kwamba ni uhai wa mji mzima.

Wenye mali nao wana lao. Wakfu wa zamani uliacha visima na mabirika kwa wapita njia. Mtu apendaye kuacha sadaka yenye kuendelea asitazame mnara tu. Bomba moja litoalo maji safi mtaani, lenye wa kulitunza likiharibika, huokoa roho wakati mwenyewe amelala kaburini. Nayo kamati ya kila msikiti iwe na watu wawili au watatu, mwanamke akiwemo, waliofundishwa kuchanganya maji ya chumvi na sukari, wenye vipakiti vya dawa nyumbani, na wajuao kituo kilicho karibu. Siku mgonjwa wa kwanza akionekana mtaani, habari ipelekwe saa ile ile, bila kujali ni Mwislamu au si Mwislamu, Mrundi, Mkongo au mgeni. Jirani ni jirani.

DUA

Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliokufa kwa maradhi haya katika pwani za maziwa na katika njia ya Makka, na awakubali katika mashahidi. Awape nguvu waganga, wauguzi na wote wanaojitolea kuwahudumia wagonjwa. Awafungue wenye mali mikono, na wenye madaraka masikio. Aijaalie Jumuiya hii iwe sababu ya maji safi kwa wenyeji na wageni, na awaepushe watu wa nchi hizi na kila maradhi mabaya.

Wa billahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.